Je, Wajua? Kilima Kilichoulinda Mji Ndicho Kinachouangusha

Civita di Bagnoregio, mji mdogo wa Italia ulioko kaskazini mwa Roma, ulianzishwa na Waetruski zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, juu ya kilima chenye kingo zilizosimama wima. Adui hakuweza kuupanda bila kuonekana. Lakini juu ya kilima hicho ni mwamba laini wa volkano, na chini yake ni udongo wa mfinyanzi. Mvua na vijito vya mabondeni huumomonyoa udongo huo, mwamba ukakosa egemeo, kisha ukameguka pamoja na nyumba za ukingoni. Kwa hiyo usalama wa mji na maangamizi yake vina chanzo kimoja.

Wapo wanaosema kuwa kilichouangamiza ni tetemeko la mwaka 1695, lililowafanya wengi wahamie Bagnoregio ya jirani. Ni kweli liliharakisha mambo, ila mmomonyoko ulikuwepo kabla yake na ungalipo. Wengine huuliza: kwa nini kuhifadhi mji uliobakiwa na wakazi wachache mno? Kwa sababu bado una manufaa. Wageni huingia kwa daraja la waenda kwa miguu lililojengwa mwaka 1965, na tangu 2013 hulipa kiingilio kinachoiingizia manispaa fedha. Uhifadhi hauwezi kuukomesha mmomonyoko, lakini unaweza kuupunguza kasi, na mji alikozaliwa Mtakatifu Bonaventura katika karne ya 13 unastahili juhudi hiyo.