Jedwali la Alama na Nyumba za Wanafunzi

Shindano la usanifu kwa wanafunzi ni utaratibu ambao chuo, serikali au shirika hutoa tatizo moja la kijamii au la kimazingira, huweka masharti na muda, kisha huzialika timu za wanafunzi zibuni suluhisho litakalopimwa na waamuzi. Watu wengi huyatazama mashindano ya namna hii kwa jicho la zawadi, wakitaka tu kujua nani ameshinda, ilhali kinachoamua thamani yake hasa ni jedwali la alama, kwa sababu wanafunzi husanifu kile kinacholipwa alama, na kisicholipwa huachwa kando hata kama ndicho kiini cha tatizo lenyewe. Jambo hili huonekana waziwazi katika Solar Decathlon, shindano lililoanzishwa na Wizara ya Nishati ya Marekani na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2002 katika viwanja vya National Mall, Washington.

Kwa miaka mingi, katika shindano hilo timu haikuishia kwenye michoro, bali ilijenga nyumba kamili iliyoendeshwa kwa nguvu ya jua, ikaisafirisha kwa vipande hadi uwanjani, ikaiunganisha upya, na kuiendesha kwa siku kadhaa mbele ya umma. Nyumba zilipimwa katika vipengele kumi, ambavyo mwaka 2011 kila kimoja kilikuwa na alama 100. Baadhi ya vipengele, kama vile usanifu majengo, uhandisi na mvuto wa nyumba sokoni, viliamuliwa na majopo ya wataalamu. Vingine vilipimwa kwa vipimo au kwa kutimiza kazi, maana maji ya moto yalipaswa kutoka kwa kiwango na joto lililowekwa, nguo zilipaswa kufuliwa, joto na unyevu wa ndani vilipaswa kubaki katika mipaka iliyotajwa, na wanafunzi walilazimika hata kuwapikia majirani zao chakula cha jioni kwa umeme walioufua wenyewe. Kazi hiyo ya mwisho ilikuwa na hekima kubwa, kwa kuwa nyumba isiyoweza kupokea wageni bado ni chombo cha maabara.

Nguvu ya jedwali la alama ilidhihirika kati ya mwaka 2009 na 2011. Mwaka 2009 nyumba ziliunganishwa kwa mara ya kwanza na gridi, yaani mtandao wa umeme wa jiji, na kipengele cha mizania ya umeme kikapewa alama 150, sehemu yake ikiwa ni kwa nyumba itakayozalisha ziada kuliko inavyotumia. Timu ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, ambayo ilikuwa imeshinda pia mwaka 2007, ilielewa vema maana ya kanuni hiyo, ikajenga nyumba ya ghorofa mbili ambayo paa lake na kuta zake vilifunikwa kwa seli za jua, ikatwaa ushindi. Kiufundi ilikuwa kazi ya kupendeza mno, lakini haikuwa nyumba ambayo familia ya kipato cha kawaida ingeweza kuinunua, na timu haiwezi kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa gharama haikuwa imewekewa alama.

Mwaka 2011 waandaaji walibadilisha mambo mawili. Kwanza, nyumba iliyozalisha umeme sawa na ilioutumia ilipata alama zote za kipengele cha mizania ya umeme, hivyo ziada ikakosa thamani katika hesabu za ushindi. Pili, kiliongezwa kipengele cha unafuu wa bei, ambapo mkadiriaji wa gharama za ujenzi alikokotoa thamani ya kila nyumba: iliyogharimu dola 250,000 au chini yake ilipata alama zote, na alama zikapungua kadiri bei ilivyopanda hadi kuisha kabisa kwenye dola 600,000. Kwa mabadiliko hayo, kuongeza paneli ovyo kukawa hasara, na swali la kwanza la msanifu likahama kutoka namna ya kufua umeme mwingi hadi namna ya kuhitaji umeme kidogo.

Ushindi wa jumla wa mwaka huo ulikwenda kwa Chuo Kikuu cha Maryland, ambacho nyumba yake ilisafisha maji yaliyokwisha kutumika kwa kuyapitisha kwenye bustani ya mimea ya kinamasi, ikichota wazo lake kutoka mazingira ya Ghuba ya Chesapeake. Hata hivyo, nyumba inayostahili kusomwa kwa makini zaidi ni Empowerhouse, iliyobuniwa na wanafunzi wa The New School, kupitia chuo chake cha usanifu cha Parsons, pamoja na wa Stevens Institute of Technology. Timu hii ilishirikiana tangu mapema na Habitat for Humanity, shirika linalosaidia familia za kipato kidogo kumiliki nyumba, na ikachagua mtaa wa Deanwood, upande wa mashariki wa Washington, kuwa mahali ambapo nyumba ingesimama daima baada ya shindano. Kwa kuwa mkaazi alifikiriwa kabla ya paneli, wanafunzi walifuata kanuni za ujenzi za Kijerumani zinazoitwa Passivhaus, ambazo huhimiza kuta nene zenye vihami joto na mianya iliyozibwa barabara, ili nyumba isipoteze joto wakati wa baridi wala ubaridi wakati wa joto, na hivyo itosheke na mfumo mdogo wa umeme wa jua. Empowerhouse iligawana nafasi ya kwanza ya unafuu wa bei na timu ya Ubelgiji, kisha ikahamishiwa Deanwood na kuwa sehemu ya jengo la familia mbili. Nyumba nyingi za mashindano hazipati bahati hiyo, na sababu si uzembe wa wanafunzi: timu huvunjika wahitimu wanapoondoka, na fedha huishia siku ya tuzo.

Stevens ilirudi na mafunzo hayo mwaka 2015, ikashinda kwa SURE House, nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya pwani ya New Jersey iliyokuwa imepigwa na kimbunga Sandy mnamo Oktoba 2012. Sehemu ya chini ya kuta zake ilifunikwa kwa nyenzo za nyuzi zilizoazimwa kutoka ufundi wa kuunda mashua ili maji ya mafuriko yasipenye, na umeme wake wa jua uliweza kuendelea kufanya kazi gridi inapozimika, huku majirani wakiweza kuchaji simu zao kwenye soketi zilizowekwa nje. Soketi hizo ni jambo dogo kwa gharama, lakini zinaonyesha kwamba wabunifu walijua hasa mtu hutafuta nini usiku wa pili baada ya kimbunga.

Bado jedwali lilikuwa na kasoro. Mipaka ya joto la ndani iliyotumika kwa miaka mingi, takriban nyuzi 22 hadi 24 za Selsiasi, ilikuwa finyu kiasi kwamba iliilazimisha timu kutegemea kiyoyozi, na nyumba inayopoza watu kwa upepo, vivuli na baraza pana, kama zilivyo nyumba nyingi za ukanda wa joto, ingeadhibiwa kwa busara yake. Kusafirisha nyumba kwa malori, na nyingine kwa meli, ili zikae uwanjani kwa majuma machache kulikuwa gharama ambayo shindano la mazingira halikuweza kuitetea milele, na hatimaye waandaaji waliziachia timu zijenge katika jamii zao wenyewe, kwenye viwanja vya kudumu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa uliwanyima wananchi nafasi ya kupita nyumba hadi nyumba katika uwanja mmoja, wakizilinganisha kwa macho yao na kuwauliza wajenzi maswali ana kwa ana.