Gari Linapokosa Silensa: Pima Kabla ya Kununua Kifaa

Gari likikimbia kilomita 80 kwa saa, injini ina nguvu za kutosha kuficha kasoro zake. Lisimamishe kwenye foleni ya Ubungo, gia ikiwa D na mguu kwenye breki, ndipo mambo yanapojitokeza. Mshale wa mzunguko unapanda na kushuka, usukani unatetemeka, mara injini inazima na taa zote za dashibodi zinawaka kwa pamoja.

Injini nyingi za petroli za magari yetu madogo, kama ile 1NZ-FE ya lita 1.5 iliyomo kwenye Toyota IST nyingi na baadhi ya Vitz, huzunguka mara 600 hadi 800 kwa dakika gari likiwa limetulia bila kukanyagwa mafuta. Huo ndio mzunguko ambao mafundi huuita silensa. Kwenye mizunguko 700, injini ya silinda nne hulipua mara 1,400 kwa dakika, yaani kama mara 23 kila sekunde. Hewa inayoingia wakati huo ni kidogo, kwa kuwa kipepeo cha throto kimeacha upenyo mwembamba tu, na kompyuta inahangaika kuweka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Ufa kwenye mpira mmoja wa hewa, ambao ukikanyaga mafuta hausikiki kabisa, hapa unaingiza sehemu kubwa ya hewa yote, na unatosha kuizima injini.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo fundi anapaswa kukuuliza, kabla hajafungua boneti, ni hili: linazima wakati gani? Dereva anayejibu vizuri ameshaokoa nusu ya kazi. Likizima asubuhi likiwa baridi na kutulia likishapata moto, hoja zinaelekea kwenye sensa ya joto la maji, throto chafu au hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Likizima likishapata moto, likagoma kuwaka, kisha likawaka lenyewe baada ya kupoa, shuku sensa ya mzunguko wa krenki. Hapo angalia mshale wa mzunguko unapopiga stata: usipotikisika hata kidogo, kompyuta huenda haijui kuwa injini inazunguka. Likizima ukikanyaga breki, kagua mpira unaokwenda kwenye busta ya breki, hasa kama pedali nayo imekuwa ngumu. Likizima ukiwasha kiyoyozi, injini imeshindwa kubeba mzigo wa ziada, na mara nyingi throto ndiyo ya kuanza nayo.

Kuna pia mtetemo ambao si ugonjwa wa injini. Ukiweka D gari likatetemeka mwili mzima huku mshale umetulia palepale, ukirudisha N likatulia, tazama maunti za injini. Nimeona watu wakinunua plagi nne za iridiamu kwa tatizo la mpira wa maunti uliokatika.

Ukishajua wakati, pima. Chini ya usukani kuna soketi ya kuchomekea mashine ya kusoma hitilafu, na siku hizi kifaa kidogo cha bluetooth pamoja na simu vinaweza kusoma mengi. Lakini namba inayotokea inakuonyesha mahali pa kuchunguza, haikuagizi kifaa cha kununua. P0302 maana yake silinda ya 2 inamisi. Haisemi kama kosa ni la koili, plagi, nozeli au kompresheni. Njia ya kujua haina gharama: zima injini, toa koili ya silinda ya 2, iweke silinda ya 3, ile ya 3 iweke ya 2, futa namba, washa tena na uiache ingurume. Namba ikihamia kuwa P0303, koili hiyo imekufa, nunua moja tu. Ikibaki P0302, koili ni nzima. Sasa fungua plagi uitazame: ncha iliyolika, porselini yenye ufa, mafuta ya injini kwenye nyuzi, au masizi meusi. Ile desturi ya kuchomoa koili huku injini ikiunguruma iachwe. Umeme wake ni wa maelfu ya volti, unaumiza mtu na unaua koili.

P0171 ndiyo inayowapotosha wengi. Inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta, na fundi mwenye haraka anakimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, ile ile iliyotoa taarifa ya kweli. IST moja ililetwa kwetu ikiwa imeshabadilishwa plagi, koili zote nne na pampu ya mafuta, na bado ilikuwa inazima kila inaposimama kwenye taa za barabarani. Mashine ilionyesha kompyuta ikiongeza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20 kwenye silensa. Tulipopandisha mzunguko hadi 2,500, nyongeza hiyo ikashuka karibu na kawaida, ambayo haipaswi kupita sana asilimia 10. Maana yake palikuwa na hewa inayoingia bila kupimwa: kwenye silensa ni nyingi, ukikanyaga inamezwa na hewa halali. Tulifuata mipira yote ya hewa kwa vidole. Mpira mfupi wa kupumulia injini ulionekana mzima kwa juu, lakini tulipoukunja, ufa ukafunguka upande wa chini. Kifaa hicho ni cha bei ndogo mno ukilinganisha na pampu waliyokuwa wamenunua.

Picha ikiwa kinyume, yaani nyongeza ndogo kwenye silensa na kubwa unapokanyaga, hapo ndipo pampu, filta ya mafuta na sensa ya kupimia hewa vinastahili kuchunguzwa. Na kama tatizo limeanza mara tu baada ya kujaza tangi, usipuuze petroli yenyewe. Maji huingia kwenye mafuta, na uchakachuaji upo, ndiyo maana mafuta ya soko la ndani huwekwa vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha.

Kusafisha throto ni kazi njema, ila kuna jambo wateja hawaambiwi. Kwenye throto ya umeme, kompyuta imezoea kukifungua kipepeo zaidi ili kufidia uchafu. Uchafu ukitoka, silensa inaweza kupanda au injini kuzimazima hadi kompyuta ijifunze upya, na kila gari lina utaratibu wake, mengine kwa mashine, mengine kwa kuliacha lingurume bila mzigo. Hilo si kosa la fundi, lakini fundi anayekukabidhi gari kabla ya kumaliza hatua hiyo hajamaliza kazi. Kipepeo hicho pia kisisukumwe kwa nguvu na kidole.

Ukipeleka gari gereji, omba uonyeshwe namba za hitilafu kabla hazijafutwa, uziandike, na uulize ni kipimo gani kimethibitisha kuwa kifaa unachotakiwa kununua ndicho kibovu. Ni haki yako, na fundi mzuri hatakasirika. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, unaweza kuendesha taratibu hadi kwa fundi. Ikipepesa huku gari linamisi, paki pembeni na uite gari la kuvuta: petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega ya eksozi (katalisti), na masega yakishayeyuka hayatengenezeki.