Choo cha Mlimani na Chemchemi ya Bondeni

Katika majahazi ya zamani, choo kilikuwa kijisanduku cha mbao kilichoning'inizwa tezini, juu ya maji. Mashua ndogo za tanga za siku hizi huwa na choo chenye pampu ya mkono: huvuta maji ya bahari, husafisha bakuli, na vali huyazuia maji yasirudi ndani. Kwa vyovyote, nahodha anajua uchafu wake unakwenda wapi. Familia iliyohama pwani kwenda kuishi katika milima ya Kisii na Nyamira yapasa nayo ijue, kwani huko uchafu waweza kuishia katika mtungi wa jirani.

Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake ni nyingi, hasa Machi hadi Mei. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Nyumba hujengwa mteremkoni, choo huchimbwa nyuma yake karibu na migomba, na chini bondeni hububujika chemchemi ambako akina mama na watoto huteka maji. Mvua ipenyayo ardhini ikipita shimoni hushuka na vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mahali. Shimo liwe umbali usiopungua mita 30 kutoka chemchemi au kisima, na kina chake kiishie angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Pale inapowezekana, lisichimbwe upande wa juu wa chemchemi. Mdomo wake uinuliwe, na mfereji uchimbwe upande wa juu ili maji ya mvua yasiingie.

Jambo la pili latuhusu sisi hasa. Tunastanji kwa maji, na maji mengi katika shimo la kawaida huongeza harufu, huzalisha mbu, na hulegeza kuta za udongo. Kinachofaa zaidi ni choo cha kumwagia maji. Chini ya sinki la kuchuchumaa bomba hujipinda, na katika kiwiko hicho hubaki maji kidogo yanayozuia harufu na nzi, kama vali ya mashua izuiavyo bahari. Lita 2 au 3 za maji hutosha kwa kila mtumiaji. Mashimo yakiwa mawili, moja hutumika na jingine hufungwa. Baada ya miaka 2 yaliyomo huwa yameoza, na shimo huweza kuzolewa kwa usalama zaidi.

La tatu ni matunzo ya kila siku. Sodo, nepi, vitambaa na plastiki visitupwe chooni, maana huziba kiwiko na kulijaza shimo mapema. Dawa kali za kuondoa madoa zisimiminwe kwa wingi, kwa kuwa huviua vijidudu vinavyoozesha uchafu. Penye bomba la hewa, wavu wa juu ukaguliwe. Ukitoboka, nzi hutoka na kutua kwenye chakula. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho ni hatari kama cha mtu mzima, basi kitiwe chooni, na mikono ioshwe kwa sabuni. Uchafu ukifika nusu mita kutoka juu, shimo lifungwe kwa udongo.

Mafundisho ya dini yetu yanatukataza kujisaidia penye vyanzo vya maji. Shimo linalovujia chemchemi huleta madhara yale yale, japo mwenyewe amejisitiri ndani ya kuta nne.

Basi, akina mama wapenzi, kabla ya kulipa kodi ya nyumba mpya huko milimani, ulizeni choo kimechimbwa wapi na lini. Kisha shukeni kwa miguu hadi penye chemchemi, mhesabu hatua, na mtazame ni vyoo vingapi viko juu yake. Na hata chemchemi ikionekana safi, maji ya kunywa yachemsheni.