Mzigo Salama Huanzia Nyumbani: Namna ya Kufungasha Vyombo Kabla ya Kuhama

Kuhama makazi ni jambo la kawaida katika wilaya za Handeni na Korogwe. Mwalimu hupangiwa kituo kipya, mpangaji humaliza mkataba wake, na familia iliyokuwa ikiishi mjini hurejea kijijini kulima. Wapo pia waliotoka mbali zaidi. Mwezi Juni 2022, kaya za kwanza kutoka Ngorongoro ziliwasili katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, baada ya safari ya takriban kilomita 600, huku vyombo vyao vikisafirishwa kwa malori.

Iwe safari ni ndefu kiasi hicho au ni ya kuvuka mtaa mmoja kwa mkokoteni, hasara kubwa mara nyingi huanzia nyumbani, pale mzigo unapofungwa kwa haraka ilhali gari limekwisha kufika na dereva anahimiza. Kwa sababu hiyo, wananchi wanashauriwa kuanza kufungasha siku kadhaa kabla, wakitanguliza vitu visivyotumika kila siku.

Vitu visivyopandishwa kwenye gari la mizigo

Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule, vitambulisho vya Taifa, hati za ardhi zikiwemo hatimiliki za kimila, kadi za bima ya afya na kadi ya kliniki ya mtoto viwekwe katika mfuko mmoja usiopitisha maji, na mfuko huo ubebwe mkononi na mtu mzima. Sahani iliyovunjika hununuliwa nyingine sokoni. Cheti kilichopotea humlazimu mwenyewe kutoa taarifa polisi na kufuatilia nakala katika ofisi iliyokitoa, ambayo huenda iko mkoa mwingine.

Dawa nazo zisizikwe katikati ya magunia. Mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au anayetumia dawa za kufubaza VVU anapaswa kubeba dozi zake mwenyewe. Aidha, kabla ya kuondoka, apite katika kituo chake cha tiba ili apewe barua ya uhamisho, asije akakatisha matibabu akiwa bado anatafuta kituo kipya.

Gesi, mafuta na sumu

Mtungi wa gesi ufungwe valvu, utolewe regulata na mpira, kisha usafirishwe ukiwa umesimama na kufungwa imara mahali penye hewa. Usiwekwe ndani ya gari walimokaa watu. Taa na majiko ya mafuta yamwagwe mafuta yake kwenye chombo chenye mfuniko kabla ya kufungashwa.

Hatari isiyofahamika sana ni ile ya nafaka. Vidonge vinavyotumika kufukiza mahindi na maharage hutoa gesi yenye sumu vinapokutana na unyevu, hata ule wa hewa tu. Gesi hiyo ikijaa mahali palipofungwa inaweza kuua. Gunia lililowekwa vidonge hivyo kamwe lisipakiwe katika gari moja na abiria, wala lisihifadhiwe katika chumba cha kulala usiku wa kwanza wa kuhamia. Vivyo hivyo, viuatilifu vya shambani na dawa za kuogeshea mifugo zitengwe mbali na unga, mafuta ya kupikia na vyombo vya watoto.

Vyombo vya ndani

Sahani na bakuli zifungwe moja moja kwa gazeti au kanga, kisha zipangwe zikiwa zimesimama kwa ubavu, kwani zikilazwa zile za chini hubeba uzito wote. Sufuria ziingiliane, na nafasi iliyobaki ijazwe nguo. Katoni isizidi uzito ambao mtu mmoja anaweza kuunyanyua, na iandikwe kwa nje kilichomo na chumba kinakokwenda.

Friji iyeyushwe barafu na kukaushwa siku moja kabla, isafirishwe ikiwa imesimama, na baada ya kufika iachwe itulie kwa saa kadhaa kabla ya kuunganishwa na umeme. Luninga ivishwe blanketi na isimamishwe kati ya magodoro mawili. Kabati na vitanda vifunguliwe, na skrubu zake zitiwe katika mfuko mdogo uliofungwa kwenye ubao husika.

Kupakia gari

Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni ya lami, lakini njia nyingi za vijijini ni za udongo zenye mashimo na makorongo. Vizito viwekwe chini na mbele, karibu na kichwa cha gari. Vyepesi vikae juu. Kamba ya katani, zao la mkonge ambao wakazi wa Korogwe wanaufahamu vyema, hushika fundo vizuri kuliko nyingi za nailoni zinazoteleza. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, turubai ni la lazima hata asubuhi ikiwa na jua.

Mtu yeyote, hasa mtoto, asikae juu ya mzigo kwa kisingizio cha kuulinda. Gari likiyumba, mlinzi huyo ndiye huanguka kwanza.

Kabla ya kufunga mlango

Kaya iandike orodha ya vifurushi vyake na kuvihesabu mara mbili: wakati wa kupakia na wakati wa kushusha, dereva akishuhudia. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji ajulishwe na barua ya utambulisho iombwe, kwa kuwa itahitajika kujiandikisha katika makazi mapya. Wenye watoto wa shule wafuatilie uhamisho kwa mwalimu mkuu mapema. Wenye mifugo waonane na ofisa mifugo kwa ajili ya kibali cha kuisafirisha.

Moto ukitokea wakati wa kuhama, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Polisi hupatikana kwa namba 112.