Mzamiaji Aliyevuka Hamsini: Anunue Nini, Akodi Nini

Kusi ikishakatika na maji ya Mnemba, Mafia na Watamu yakaanza kutakata, mafundi wa vifaa vya kuzamia huanza kuletewa masanduku. Ndani mna regulata iliyonunuliwa miaka ya tisini, jaketi la kuelea lililopauka mabegani, kompyuta ya mkononi iliyokufa betri, na suti ya mpira iliyokaa kabatini hadi mikunjo ikawa ya kudumu. Mwenye mali ana miaka sitini na ushei. Mara nyingi ni mstaafu ambaye watoto wamekwisha kujitegemea na sasa amepata nafasi ya kurudi baharini. Swali lake ni lile lile: vifaa hivi nivitengeneze, ninunue vipya, au niache yote nikodi kituoni?

Baadhi hawalipendi jibu langu, kwa sababu siangalii kwanza umri wa vifaa. Naangalia umri wa mwenye navyo, kisha nauliza kila kifaa kinaufanyia nini mwili huo ukiwa chini ya maji.

Nina sababu. Mwaka 2008 watafiti wa Divers Alert Network, shirika la Marekani la usalama wa wazamiaji linalojulikana kwa kifupi kama DAN, walichapisha uchambuzi wa vifo 947 vya wazamiaji wa burudani vilivyotokea kati ya 1992 na 2003. Katika mikasa ambayo chanzo chake kilijulikana, hitilafu ya vifaa ilikuwa chanzo kwa asilimia 15 hivi, ilhali kuishiwa hewa kulifikia asilimia 41. Walipochunguza ni nini hasa kilichomlemaza mzamiaji, moyo ulichukua asilimia 26, na hao walikuwa zaidi watu waliovuka miaka 40. Fomu ya afya inayotumiwa na vyama vikubwa vya mafunzo, iliyoandikwa upya mwaka 2020, nayo humuuliza kila mtu kama amezidi miaka 45, na akijibu ndiyo inaendelea kumuuliza habari za sigara, kolesteroli na moyo katika ukoo wake.

Mtu anaweza kusoma takwimu hizo akasema basi vifaa si tatizo, twende tu. Mimi nazisoma kinyume. Kifaa kibovu mara chache humuua mtu chenyewe, ila humchosha. Kijana wa miaka 25 akichoshwa na regulata nzito kuvuta hupanda juu na kulalamika. Mtu wa miaka 66 mwenye shinikizo la damu huenda asifike juu akiwa mzima.

Tuanze na regulata, kwa kuwa hapo ndipo umri wa kifaa na umri wa mwili hukutana. Ni ndugu wa ile regulata ya mtungi wa gesi ya jikoni: inapokea hewa yenye nguvu kubwa na kuitoa kwa kiasi kinachofaa. Mtungi uliojaa una baa 200 hivi. Kipande cha kwanza, kinachofungwa mtungini, huishusha hadi baa 9 au 10 juu ya mgandamizo wa maji yaliyokuzunguka. Kipande cha mdomoni hukamilisha kazi, ukivuta pumzi hewa inakuja, ukiacha inakatika. Ndani mna oringi, springi, na kiti kidogo cha plastiki ngumu kinachoziba njia ya hewa. Vitu hivi huchakaa vikitumika, na huchakaa vilevile vikiwekwa tu. Chumvi hukauka na kuganda, oringi hupoteza unyumbufu, kiti hubonyea pale pale kilipokaa kwa miaka. Ndiyo maana maneno “sijaitumia tangu 2011, kwa hiyo iko kama mpya” hayamtulizi fundi hata kidogo.

Sasa mwili. Ukizama hadi shingoni, maji huisukuma damu ya miguuni ipande kifuani, nusu lita na zaidi. Moyo wenye afya huipokea ziada hiyo bila taabu. Moyo uliokakamaa kwa miaka mingi ya shinikizo la damu huelemewa, na nguvu ya damu katika mishipa midogo ya mapafu hupanda. Ongeza hapo regulata inayotaka kuvutwa kwa nguvu. Kila unapoivuta, kifua hutengeneza mnyonyo, na mnyonyo huo husaidia kuyatoa majimaji ya damu kwenye mishipa na kuyaingiza ndani ya mapafu. Mtu anaanza kuzama kwa ndani, akiwa bado na mtungi uliojaa hewa. Dalili zake ni kukosa pumzi bila kufanya kazi nzito, kikohozi, na wakati mwingine makohozi ya povu lenye rangi ya waridi. Madaktari wa uzamiaji huwaona zaidi wagonjwa wa namna hii miongoni mwa watu wazima na wenye shinikizo la damu. Kina nacho kinachangia, kwani kwenye mita 20 hewa unayovuta ina uzito mara tatu ya ile ya juu, na kasoro ndogo ya regulata ambayo hukuisikia ukiwa mashuani, huko chini utaisikia.

Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 250 kinataka kazi ya kupumua isizidi jouli 3 kwa kila lita ya hewa, ikipimwa kama mtu yuko mita 50 na anavuta lita 62.5 kwa dakika. Regulata nzuri iliyofanyiwa sevisi hukaa chini ya hapo kwa mbali. Ya zamani inaweza kukaa chini ya hapo pia, kwa sharti kwamba imetunzwa na vipuri vyake bado vinapatikana.

Sharti hilo la vipuri ndilo huamua mambo mengi. Kabla hujakubali kulipia sevisi, mpe fundi jina na modeli, umuulize kama kiwanda bado kinatoa seti ya vipuri vya modeli hiyo. Kama kimeacha, regulata imefika mwisho wake hata kama inang’aa. Kama kinatoa, mwambie aifunge kwenye geji aangalie mgandamizo wa kati, zile baa 9 au 10 zinazotoka kipande cha kwanza. Mshale ukisimama pale ulipofika baada ya pumzi, kiti ni kizima. Ukiendelea kupanda polepole, kiti kimekwisha, na siku moja hewa itaanza kumwagika mdomoni bila kuitwa. Aangalie pia kichujio kidogo pale hewa inapoingilia. Kikiwa cha kijani, maji ya chumvi yaliwahi kuingia ndani.

Hozi nazo zinahitaji jicho, hasa kwenye joto letu. DAN iliwahi kutoa tahadhari juu ya hozi zile laini zilizosukwa kwa nyuzi nje: katika baadhi yake, bitana ya ndani huvunjika kikemikali kwa joto na unyevunyevu, ikatengeneza chembe zinazoweza kuziba njia ya hewa. Kwa nje hozi inaonekana nzima. Kama zako ni za aina hiyo na umezihifadhi miaka kadhaa Tanga, Mombasa au Muscat, zibadilishe bila kujadiliana na mtu.

Halafu kuna hesabu ya fedha, na hapa umri hubadilisha jibu kwa namna ambayo wengi hawaifikirii. Nitumie tarakimu za kubuni. Tuseme regulata mpya ni shilingi milioni 2 za Tanzania, sevisi ya kila mwaka laki 2, na kukodi ni elfu 40 kwa siku. Mtu wa miaka 35 atagawa bei kwa miaka kumi ya matumizi: laki 2 kwa mwaka, ukijumlisha sevisi ni laki 4, sawa na siku kumi za kukodi. Akizamia zaidi ya siku kumi kwa mwaka, kununua kunamlipa. Mtu wa miaka 68 afadhali agawe kwa miaka mitano. Kwake ni laki 6 kwa mwaka, sawa na siku kumi na tano. Siku kumi na tano za mashua kila mwaka katika umri huo ni nyingi, na daktari anaweza kuzifuta zote kwa cheti kimoja. Weka bei halisi za mahali ulipo, ila usibadilishe namna ya kuhesabu. Anayezamia juma moja kwa mwaka, kwa upande wa fedha, akodi regulata, tena achague kituo kwa ubora wa regulata zake kabla ya kuangalia bei.

Lakini viko vitu ambavyo sikubali mtu mzima avikodi hata kama hesabu inasema hivyo. Cha kwanza ni miwani ya kuzamia. Macho yaliyovuka miaka 45 hayasomi vizuri kitu cha karibu, na geji ya hewa unayoishika mkononi ni kitu cha karibu. Mtu asiyeona mshale vizuri hukisia, na nimekwisha kutaja ile asilimia 41 ya walioishiwa hewa. Miwani yenye lenzi za kusomea upande wa chini huuzwa, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya regulata.

Cha pili ni kompyuta ya kuzamia, ile ya mkononi inayokuhesabia muda wa kukaa chini, na hapa sisemi utengeneze ya zamani, nasema nunua mpya. Kompyuta za miaka ya tisini zina tarakimu ndogo za kijivu, nyingi hazijui mchanganyiko wa hewa wenye oksijeni nyingi, na baadhi hazikupi nafasi ya kuongeza tahadhari kulingana na umri na uzito wako. Nyingi za sasa zina kioo cha rangi na maandishi makubwa. Ubaya wa kukodi ni kwamba kompyuta hukumbuka naitrojeni ya mzamo uliopita ya yule tu aliyekuwa ameivaa. Ukipewa nyingine mchana, hiyo haijui kwamba asubuhi ulikuwa mita 25, nayo itakuruhusu kukaa muda ambao mwili wako hauna tena.

Cha tatu ni suti. Mpira wa zamani hubanwa na mizamo mingi hadi ukawa mwembamba, na mtu mzima huhisi baridi mapema, hata kwenye maji yetu ya nyuzi 26 au 27. Tena mwili wa miaka 60 si ule uliopimiwa suti hiyo. Inayobana kifua huongeza kazi ya kupumua. Inayobana shingo hugandamiza mishipa inayopima nguvu ya damu, moyo ukapunguza mapigo, na mtu akahisi kizunguzungu asijue sababu. Suti ya kukodi inayokutosha sawasawa ni bora kuliko yako inayokubana, ila kuipata kituoni ni bahati.

Mapezi nayo yawe yako, malaini zaidi ya yale ya ujanani kama magoti yanauma.

Vilivyobaki kodi kwa moyo mweupe. Mtungi wa alumini wa kawaida una kilo 14 hivi, na risasi za kukuongezea uzito majini kila kituo kinazo. Jaketi la kuelea hula nafasi na uzito ambao ndege ndogo za Mafia na Pemba, nyingi zikiruhusu kilo 15 tu, hazikupi. Na ukishakodi mtungi, mwache kijana wa mashua aubebe. Akikwambia “shikamoo mzee, nikuvalishe majini,” itikia, kisha shuka majini ukavalishwe. Kupanda ngazi na mtungi mgongoni baada ya mzamo ni wakati mbaya kabisa wa kuupa moyo kazi, na hakuna heshima inayopotea kwa kuutoa ukiwa bado unaelea.

Kukodi si kupokea chochote unachopewa. Funga valvu ya mtungi, maliza hewa iliyobaki kwenye hozi, kisha vuta pumzi kwenye regulata: isitoe kitu. Hewa ikipenya, pana tundu mahali. Fungua, vuta mara nne au tano ukitazama geji, na mshale usicheze. Jaza jaketi, uliache dakika kumi, uone kama limelegea. Bonyeza kitufe cha kujaza mara kadhaa, kwa sababu kilichoganda kwa chumvi hukurusha juu bila wewe kutaka. Kwenye bega la mtungi tafuta tarehe ya kupimwa kwa maji, kipimo ambacho nchi nyingi hutaka kirudiwe kila miaka 5. Kituo kikikunja uso kwa ukaguzi huo, tafuta kingine.

Mwenye mtungi wake wa alumini wa kabla ya mwisho wa miaka ya themanini aupeleke kwa mkaguzi kabla ya yeyote kuujaza. Wakati huo baadhi ya viwanda vilitumia aloi namba 6351, ambayo hupata nyufa shingoni ikikaa na mgandamizo kwa miaka, na baadhi ya mitungi hiyo ilipasuka ikijazwa. Baadaye vikahamia aloi 6061. Vituo vingi haviigusi kabisa mitungi ya aloi ile ya kwanza, na vina haki.

Limebaki suala la vifaa unavyoviacha. Mtu mzima mwenye huruma huona vibaya kutupa, akawapa vijana wa kijijini wanaozamia majongoo ya bahari. Tafadhali usifanye hivyo. Katika Bahari ya Hindi uvuvi huo wa kutumia mitungi umeacha vijana wengi wamepooza miguu, na wengine wamekufa, kwa sababu walipewa hewa bila mafunzo, bila kompyuta, na bila fundi wa kuitazama regulata. Kama regulata yako haikufai wewe mwenye uzoefu wa miaka 30, haimfai kijana atakayeshuka mita 30 mara tano kwa siku moja. Kata hozi zote kwa kisu, ng’oa kile kiti cha ndani, na mtungi uliokataliwa mwachie mkaguzi autoboe.