Kivuli cha Mwembe na Kivuli cha Bati

Mti wa mjini hupunguza joto kwa njia mbili: huzuia jua lisiifikie ardhi, na huvukiza maji kupitia majani yake. Kazi ya kwanza inaweza kufanywa na chochote chenye kivuli, liwe turubai, bati au ghorofa. Ya pili huhitaji mmea ulio hai, wenye mizizi kwenye udongo wenye maji. Ndiyo maana mama lishe aliyetandika meza zake chini ya mwembe saa saba mchana hapati joto sawa na jirani yake aliye chini ya banda la mabati hatua tano kutoka hapo, ingawa wote wawili wako kivulini.

Thamani ya kivuli hicho imeandikwa katika majina ya mitaa ya pwani. Dar es Salaam kuna Mwembechai na Mwembe Yanga, na Kariakoo kuna Mtaa wa Mkunguni. Zanzibar kuna Mwembeladu, Mwembetanga na Miembeni. Mombasa kuna Mwembe Tayari. Mti mkubwa ulikuwa alama ya kumwelekeza mgeni na mahali pa kupumzikia, kuuzia na kusubiriana. Barabara ya Samora ya Dar es Salaam, wakati wa Wajerumani, iliitwa Unter den Akazien, yaani "chini ya miakasia", na Waingereza walipoichukua nchi wakaiita Acacia Avenue. Siku hizi kijiwe cha bodaboda hufuata kanuni ile ile: palipo na mkungu au mwarobaini kando ya barabara, hapo ndipo pikipiki zinapopangwa, na kivuli kikihama, nazo husogezwa.

Joto la mji hutoka wapi

Saa sita mchana anga likiwa jeupe, kila mita moja ya mraba ya ardhi hupokea nguvu ya jua ya karibu wati 1,000, sawa na pasi moja ya umeme iliyowashwa. Shamba au msitu hutumia sehemu kubwa ya nguvu hiyo kuvukiza maji ya udongoni na majanini. Mji hauna maji ya kuvukiza. Mvua ikinyesha hukimbilia mitaroni, na ardhi imefunikwa kwa lami, zege na vigae. Lami nyeusi hunyonya takriban sehemu 9 kati ya 10 za mwanga unaoiangukia, na wakati hewa ina nyuzijoto 32, uso wake unaweza kufika nyuzijoto 60. Joto hilo huzama ndani ya barabara na kuta, kisha hutolewa polepole baada ya jua kutua. Ukuta wa zege uliopigwa na jua mchana kutwa huwa bado una uvuguvugu saa tatu usiku ukiguswa kwa kiganja, na chumba kilicho nyuma yake hakilaliki bila feni.

Tofauti hii kati ya mji na mashamba yanayouzunguka iligunduliwa kwa vipimo na Luke Howard, mkemia wa London aliyeyapa mawingu majina yanayotumika hadi leo. Katika kitabu chake kuhusu hali ya hewa ya London, kilichoanza kutoka mwaka 1818, alionyesha kuwa usiku jiji lilikuwa na joto zaidi kuliko mashambani kwa zaidi ya nyuzijoto 2 za Selsiasi. Tangu hapo hali hiyo imepimwa katika miji ya mabara yote, na kwa kawaida usiku ndiyo wakati tofauti hiyo inapojitokeza zaidi.

Kazi ya kwanza: kukinga miale

Taarifa ya hali ya hewa ikitangaza nyuzijoto 32, kiwango hicho ni cha kivulini. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, ili jua lisikiguse. Mtu anayetembea barabarani hana kisanduku. Hupokea joto la hewa, na juu ya hilo miale ya jua utosini, miale inayorushwa na vioo na magari, na joto lisiloonekana kwa macho linalotoka kwenye lami na kuta. Hewa ya barabarani inaweza kuwa na joto lile lile la kivulini, lakini mwili unachomwa kutoka juu, kutoka kando na kutoka chini kwa pamoja.

Kivuli huikata miale hiyo. Chini ya mti wenye majani mengi hupenya asilimia 10 hadi 30 tu ya nguvu ya jua. Iliyobaki hunyonywa na majani au kurudishwa angani. Kwa maelezo ya Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, kuta, paa na lami zilizo kivulini huweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzijoto 11 hadi 25 kuliko zile zilizo juani. Kiti cha pikipiki huonyesha jambo hilo bila chombo cha kupimia: kilichoachwa juani hakikaliki, kilichokuwa chini ya mkungu hukaliwa papo hapo.

Kazi ya pili: jasho la majani

Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu unavuja kidogo kidogo. Maji yanayopenya kwenye udongo wake huvukizwa na upepo, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto lililochukuliwa kutoka kwenye mtungi. Jani hufanya vivyo hivyo. Upande wake wa chini, kwa miti mingi, umejaa matundu madogo yasiyoonekana kwa jicho tupu, ambayo mti huyafungua ili kuingiza hewa ya kutengenezea chakula chake. Matundu yakiwa wazi, maji hutoka, na mizizi huvuta mengine kutoka ardhini kuziba pengo.

Kiasi cha joto kinachoondoka kwa njia hii ni kikubwa. Kuvukiza lita 1 ya maji hutumia joto mara nane zaidi ya lile linalohitajika kuifikisha lita hiyo kwenye kuchemka kutoka nyuzijoto 30. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha unaweza kuvukiza lita 100 au zaidi kwa siku. Lita 100 zinazovukizwa huchukua joto la takriban kilowati-saa 68, kiasi ambacho kiyoyozi cha nyumbani cha BTU 12,000 kingehitaji kufanya kazi karibu saa 19 kukiondoa. Tena kiyoyozi hakilimalizi joto: hulitoa chumbani na kulitupa mtaani kupitia kifaa kinachoning'inia ukutani nje, pamoja na joto la umeme kinaoutumia. Mti huligeuza kuwa mvuke, na upepo ukauchukua.

Hapa ndipo kivuli cha mwembe kinapoachana na kivuli cha bati. Bati hukinga jua, lakini lenyewe hupata moto kama lami, kisha hurusha joto chini, kwenye vichwa vya waliojikinga. Anayeinua kiganja karibu na bati la banda saa nane mchana hulihisi joto hilo kabla hajaligusa. Jani lililo na maji, hata likiwa juani, hubaki karibu na joto la hewa. Dari la mwembe, kwa hiyo, halichomi. Pia lina matabaka mengi: jani la juu likikinga jua, la chini hukinga joto la jani la juu, na upepo hupita katikati yake.

Mipaka ya mti

Mvuke hutoka kwa urahisi pale hewa inapokuwa kavu. Dar es Salaam na Mombasa wakati wa kaskazi hewa huwa tayari imelowa, nguo huchelewa kukauka kivulini, na majani nayo huvukiza kwa shida zaidi. Huko faida kubwa ya mti ni kukinga miale na kuacha upepo wa bahari upite chini ya matawi. Dodoma hewa ni kavu na jasho la majani lingepoza sana, lakini maji ya kulilisha ni haba. Udongo ukikauka, mti hufunga matundu yake ili usife. Kazi ya kupoza kwa mvuke husimama na kivuli hubaki peke yake.

Usiku mambo hubadilika. Matawi yaliyosongamana hukinga anga, na joto la ardhini hupanda taratibu zaidi kuliko mahali pa wazi. Katika barabara nyembamba yenye magari mengi, dari zito la majani huweza pia kufungia moshi chini. Kasoro hizi ni ndogo zikilinganishwa na nafuu ya mchana, ila zinaonyesha kuwa miti hupandwa kwa kuacha nafasi ya upepo. Aidha, mti mmoja hupoza mahali pake tu. Ili hewa ya mtaa mzima ipungue joto inahitajika miti mingi iliyopangwa kwa mfululizo, pamoja na udongo usiofunikwa.

Mti gani, wapi

Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Siku hizo saa sita mchana ukuta hauna kivuli, na chochote kirefu kilicho chembamba hakisaidii. Kinachohitajika ni mwavuli wa matawi uliotanda. Mwembe unao, na majani yake mazito hayapukutiki yote kwa pamoja, ingawa maembe yakiiva huangukia magari na watu. Mkungu hutandaza matawi kwa ngazi, tabaka juu ya tabaka. Mwarobaini, uliotoka Asia ya Kusini, huvumilia ukame na udongo hafifu. Mkrismasi una mwavuli mpana na maua mekundu ya Desemba, lakini mizizi yake ya juujuu huinua vigae vya njia za miguu.

Mwashoki, unaopendwa kwa kupanga kando ya uzio kwa sababu haudai nafasi, huweka kivuli chake cha mchana miguuni mwake mwenyewe. Mnazi una kivuli chepesi kinachohamahama. Mbuyu hukaa bila majani sehemu kubwa ya kiangazi. Kwa nyumba, paa na kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa zaidi na jua katika nchi zilizo karibu na ikweta, na upande wa magharibi huumiza zaidi kwa kuwa jua huufikia wakati hewa imeshapata moto.

Miji iliyofanya hesabu

Utafiti wa miji 93 ya Ulaya uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa joto la ziada la miji lilichangia vifo vya mapema 6,700 katika majira ya joto ya mwaka 2015, na kwamba zaidi ya 2,600 kati ya vifo hivyo vingeepukika kama miti ingefunika asilimia 30 ya eneo la miji hiyo. Upungufu wa joto uliokadiriwa ulikuwa nyuzijoto 0.4 tu kwa wastani, na bado ulitosha kuleta tofauti hiyo.

Medellín, nchini Kolombia, ilianza mwaka 2016 kupanda miti na vichaka kando ya barabara na mifereji, ikaunda njia 30 za kijani; jiji hilo liliripoti kuwa joto katika njia hizo lilishuka kwa nyuzijoto 2. Singapore ilianza kampeni yake ya kupanda miti mwaka 1963, ambapo waziri mkuu Lee Kuan Yew alipanda mti wa kwanza mwenyewe. Freetown, Sierra Leone, baada ya maporomoko ya udongo ya mwaka 2017 yaliyoua watu wengi, ilijiwekea mwaka 2020 lengo la miti milioni 1. Huko kila mche hupewa namba na kufuatiliwa kwa programu ya simu, na wakazi hulipwa kwa kuutunza.

Nairobi, mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai aliongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, na jengo hilo halikujengwa. Mwaka 2020 mti wa mugumo wenye umri wa miaka zaidi ya 100 kando ya Waiyaki Way uliponea kukatwa kupisha barabara ya juu, baada ya amri ya rais.

Mabishano ya namna hiyo aghalabu huishia kwenye ahadi kwamba mti ukikatwa, mingine itapandwa. Hesabu yake ni rahisi. Mti wenye mwavuli wa mita 10 hufunika karibu mita za mraba 78 za ardhi. Mche wenye mwavuli wa mita 1 hufunika chini ya mita 1 ya mraba. Ili kukirudisha kivuli cha mti huo siku hiyo hiyo, inahitajika miche 100, yote ipone.