Mzigo umeisha Kongowea, bahari ipi ya kushinda?

MACHUNGWA ya Muheza yakifika soko la Kongowea alfajiri, asubuhi haijapanda sana yameshagawanywa kwa wachuuzi. Mwenye mzigo aliyekesha njiani kutoka Tanga hubaki mikono mitupu. Fedha nyingi bado ziko kwa wateja, na mara nyingi hazikusanyiki mpaka jioni.

Wengi huilala siku hiyo gesti. Lakini aliyekuja na mtoto wakati wa likizo hana namna, kwani mtoto amesikia Mombasa na anataka bahari. Kosa linalowapotezea wengi nauli ni kuuliza ufuo gani mzuri kabla ya kuuliza maji yatakuwa wapi.

Pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Baada ya juma moja huja maji mafu, na mambo hugeuka. Asubuhi ndiyo hujaa, jioni hupwa, na hayaendi mbali. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Anayejua tarehe ya mwezi hahitaji kumuuliza mtu.

Kwa hiyo siku ya bamvua, kukimbilia ufukweni saa tatu asubuhi ni kwenda kutazama mawe. Kuanzia Nyali mpaka Diani kuna mwamba mbele ya pwani, na maji yakitoka mtu hutembea kwa miguu mpaka karibu nao. Watoto hupenda. Ila wavae viatu, kwani kwenye mawe kuna wanyama wa miiba, na wageuke mapema: maji yakianza kurudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yao.

Kutoka Kongowea, Nyali ndiyo karibu zaidi. Tatizo lake ni njia, kwa kuwa hoteli na majumba yameuzingira ufuo na vichochoro vya umma ni vichache. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Mlinzi anaweza kumkatalia mtu kupita ndani ya hoteli, lakini mchanga ule si wa hoteli. Bamvua likijaa, hata hivyo, ukanda wenyewe huwa chini ya maji.

Asiyetaka maneno na walinzi apande matatu ya barabara ya Malindi mpaka ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi. Kuna kelele, kuna maboya ya kukodi, kuna ngamia ambao bei yao hupatanwa kabla ya kupanda, si baada ya kushuka. Kwa mama mwenye watoto wawili na saa nne za kupoteza, hapo panatosha. Mama Ngina, kule kisiwani, si pa kuogelea. Ni pa mihogo, madafu na kutazama meli zikiingia Kilindini.

Diani ni habari nyingine. Karibu picha zake zote zinazozunguka kwenye simu zimepigwa maji yakiwa juu, na wakati wa kusi mawimbi huleta mwani ufukweni. Tena kutoka Kongowea ni safari: kukatiza kisiwa, feri ya Likoni, matatu mpaka Ukunda, kisha bodaboda au tuktuk. Hiyo ni ya siku ya kurudi, kwani Ukunda iko njiani kuelekea Lunga Lunga.

Lakini siku ya kurudi ndiyo siku ya fedha mfukoni. Mauzo yote, hati ya kusafiria na simu haviwezi kuachwa juu ya kanga mchangani huku mwenyewe yuko majini. Ama fedha ziwekwe kwenye simu au benki kabla ya kuondoka sokoni, ama waende wawili na waoge kwa zamu.

Wakenya wanaosubiri mzigo Tanga wana hesabu yao. Ghuba ya Tanga ina mikoko na tope sehemu nyingi. Wenyeji huenda Raskazone, na huko pia ni maji yakijaa. Na tofauti na Uganda au Rwanda, Tanzania haiingiliki kwa kitambulisho cha taifa peke yake. Pasipoti au hati ya muda inatakiwa, na mtoto awe na yake. Asiye nayo ataishia Lunga Lunga na taulo lake begani.